Hawakufichwa, walipimwa: antigraviti ya WhatsApp na roketi za Ngomeni

Kuna vidio siku hizi hazikosi kwenye magrupu. Sahani ya chuma inaelea juu ya meza, muziki wa kutisha kwa nyuma, halafu sauti ya kompyuta inakusomea kwa Kiswahili cha kuokoteza ati siri ya kuzima graviti, yaani ile nguvu inayovuta kila kitu chini, ilishapatikana zamani ila serikali kubwa na makampuni ya mafuta wameikalia. Mimi nazipenda hizo vidio, nisiwadanganye, bando nyingi imeishia huko. Ila hii hadithi ya wavumbuzi kufichwa sikubaliani nayo hata kidogo, manake ukifuatilia unakuta walisikizwa, wengine wakapewa pesa na maabara, vitu vyao vikawekwa kwenye mizani, na vikagoma.

Chukua hiki kilichovuma kuliko vyote, EmDrive. Mwingereza mmoja Roger Shawyer alikuja na kopo la shaba, upande mmoja mpana upande wa pili mwembamba, limezibwa kote, ndani unaingiza mawimbi ya mikrowevu yale yale ya kupashia wali wa jana. Yeye asema mawimbi yakigongagonga mle ndani kopo linajisukuma lenyewe kwenda mbele, bila moshi, bila kutema chochote nyuma. Sasa mtu wa pwani hahitaji digrii kuona tatizo liko wapi. Panda dau, simama ndani, usukume mlingoti kwa nguvu zako zote, halafu uniambie umefika Mambrui saa ngapi. Upondo wafanya kazi kwa sababu unasukuma mchanga wa chini, kasia lasukuma maji, roketi nayo yasukuma gesi yake yenyewe inayoitema kwa kasi, kopo lililozibwa lasukuma nini?

Lakini hawakumcheka wakaenda zao. Timu ya NASA, shirika la anga la Marekani, kule Houston chini ya Harold White wakalitengeneza la kwao, wakalipima, na 2016 wakachapisha kwamba wameona msukumo wa milinewtoni 1.2 kwa kila kilowati moja. Kilowati moja ni kama umeme wa pasi ya nguo, na huo msukumo ni uzito wa punje tano hivi za mchele. Magazeti yakapagawa, watu washafika Mars kwa mdomo.

Halafu akaingia Martin Tajmar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Dresden, Ujerumani, na huyu ndiye ninayempenda mimi kwenye hadithi yote. Alichofanya ni kitu ambacho fundi redio yeyote angefanya. Akaacha mitambo inaunguruma vile vile ila ule umeme wa kuingia kwenye kopo akaukata karibu wote. Kopo sasa ni kama halina kitu, lakini mizani bado yaonyesha msukumo! Kwa hiyo si kopo. Walipochunguza, 2018, mshukiwa mkubwa akawa waya za umeme, zile nyaya zinazopeleka moto kwenye mashine, zinavutana na sumaku ya dunia yenyewe. 2021 wakarudi na mizani bora zaidi wakatoa jibu la mwisho, hamna kitu. Sasa niambie hapo nani kamficha nani.

Kijana mmoja pale tunapokunywa kahawa jioni alinikatiza, "Ami, wewe wawaamini sana hao wazungu, hata hapa Ngomeni hatujui Wataliano walikuwa wakirusha nini." Yaani hapo ndipo nilipopandwa na mori, si kwa sababu yake, kwa sababu hilo lajulikana na hakuna aliyemfundisha. Amezaliwa Malindi hii, amesoma Malindi hii, anajua jina la kila sahani ya angani ya kule Marekani na hajui kuhusu satelaiti inayoitwa Uhuru.

Basi nimwambie na wewe msomaji pia. Zile jukwaa za chuma baharini kule Ngomeni, kaskazini ya Malindi, San Marco na mwenzake Santa Rita, ni mradi wa Italia uliosimamiwa na profesa Luigi Broglio, kwa ushirikiano na NASA. Tarehe 26 Aprili 1967 roketi aina ya Scout, hatua nne za fueli kavu, ilipeleka angani satelaiti ya San Marco 2 kutoka hapa kwetu, na waliendelea kurusha hadi 1988. Kwa nini hapa? Kwa sababu tuko karibu na ikweta, na kwenye ikweta ardhi yenyewe yazunguka kuelekea mashariki kwa kasi ya kama kilomita 1,670 kwa saa, hivyo ukirusha kuelekea mashariki hiyo kasi unapewa bure, na mbele yako ni bahari tupu, kikianguka kipande hakimwangukii mtu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, wakarusha satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi ya kuangalia eksirei za mbinguni peke yake, wakaipa jina Uhuru kwa heshima ya Kenya. Na data yake ndiyo iliyosaidia kuonyesha kwamba Cygnus X-1 ni shimo jeusi, pahali ambapo graviti imezidi mpaka mwanga hautoki. Vijana wanatafuta mtu aliyeizima graviti, na kumbe kilichokwenda kuiona ikiwa na nguvu zake zote kiliondokea Ngomeni!

Turudi kwa wanaodai wameizima. Eugene Podkletnov, alikuwa Tampere huko Finland, miaka ya 90 alisema diski ya superkondakta, yaani kitu kinachopitisha umeme bila kuuzuia kikiwa baridi sana, iliyogandishwa na kuzungushwa inapunguza uzito wa vitu vilivyo juu yake, mpaka asilimia 2. Wengine wakajaribu, 2003 George Hathaway na wenzake wakachapisha majibu yao, hakuna. NASA walikuwa hata na mradi mzima wa mawazo ya namna hii, kuanzia 1996 mpaka 2002, chini ya Marc Millis, pesa zenyewe kama dola milioni 1.2, ambazo kwa NASA ni za chai.

Ila nisiwe mkali kupita kiasi. Yule Mmarekani Thomas Townsend Brown, aliyepata hataza, yaani hati ya uvumbuzi, Uingereza mwaka 1928, aliamini umeme wa voltu nyingi unagusa graviti. Mpaka leo watu wanatengeneza vile vyombo vya pembetatu vya foili na vijiti, vinapaa kweli, hiyo si uongo na si editi. Kinachovipaisha ni upepo, umeme unaichaji hewa na hewa inasukumwa chini, ukikiweka kwenye tangi lililotolewa hewa yote kinabaki pale pale chini. Lakini huo upepo mtu akiuchukulia kama upepo una kazi, 2018 Steven Barrett wa MIT alirusha ndege ya mabawa ya mita 5, haina propela haina injini ya kuwaka, voltu kama 40,000, ikaenda mita 60 ndani ya ukumbi. Mita 60 ni kidogo najua, ila ilipaa, na mwenye vifaa anaweza kuirudia.

Kwa hiyo ukinifowadia vidio mimi nauliza tu, wamekijaribu pasipo hewa? Wakikigeuza kichwa chini, msukumo nao unageuka? Wakizima kile kitu na kuacha waya, mizani inasemaje? Kama vidio haijibu hata moja, sawa, tutazame kama kiini macho, mbona vya sinema tunatazama.

Na walimu wa sayansi mnaoniandikia kuhusu kutengeneza hicho cha foili na wanafunzi, mimi naunga mkono, vifaa vyenyewe havina gharama, ila ule umeme si wa mchezo, voltu elfu ishirini na kupanda zinaua mtu. Msiwaachie watoto peke yao na msitumie pawa ya tivii ya zamani kama hamna fundi pembeni.