Muvi ya Lorelei ya 1928 imepotea, je kuna tulichokosa?

Watu wengi wakisikia muvi ya Gentlemen Prefer Blondes akili inaenda moja kwa moja kwa Marilyn Monroe na lile gauni la pinki la 1953. Kabla yake kulikuwa na ya kimya, isiyo na sauti, Paramount waliitoa Januari 1928, Ruth Taylor akicheza Lorelei, mhusika mkuu, Alice White akicheza rafiki yake Dorothy, akiongoza Mal St. Clair. Hiyo haipo, hakuna kopi inayojulikana popote.

Sasa wanaosema tusiililie sana wana hoja. Kitabu cha Anita Loos cha 1925, ambacho hadithi imetoka humo, kipo, kiliingia jukwaani Broadway 1926, kikawa mchezo wa nyimbo 1949, halafu muvi ya Monroe, yaani hadithi haijapotea hata kidogo. Pia mchezo wa jukwaani unabebwa na mdomo, ukiutoa sauti unabaki na watu wanaingia na kutoka milangoni tu. Kwa michezo mingi nakubali kabisa.

Ila kwa huu nakataa, na sababu ni Loos mwenyewe. Huyu mama jina alilipatia kwenye muvi za kimya, kwa yale maandishi yanayotokea kwenye skrini katikati ya picha, hata Intolerance, muvi ya mwongozaji D.W. Griffith ya 1916, aliiandikia. Na kitabu chake chote ni dayari ya Lorelei, kichekesho kiko kwenye anavyoandika, spelingi mbovu huku anajiona msomi mkubwa, na spelingi mbovu huwezi kuisikia, lazima uisome. Jukwaani inapotea, kwenye muvi ya sauti inapotea, muvi ya kimya peke yake ndo ingeweza kukuwekea mbele ya macho, na maandishi ya hii ya 1928 aliyaandika yeye pamoja na Herman Mankiewicz, yule aliyeshiriki kuandika muvi ya Citizen Kane baadaye. Hicho ndo kilichopotea na Monroe hawezi kukirudisha, hata awe mzuri vipi (na ni mzuri kweli).

Kuna hoja ya pesa pia, hii nzito zaidi. Ripoti ya Maktaba ya Bunge la Marekani ya 2013 ilisema kati ya muvi ndefu za kimya karibu 11,000 za Wamarekani za 1912 hadi 1929, ni asilimia 14 tu zimebaki katika hali yake ya asili. Filamu za naitreti, yaani mikanda ya muvi ya zamani, zinaoza na zinashika moto haraka, kwa hiyo mtu anauliza kwa nini tuhangaikie iliyokufa wakati zilizo hai zinaharibika kwenye makopo. Nami nasema pesa iende kwanza kwenye zilizopo, hapo sibishani.

Lakini mbona kazi ya kuokoa zilizopo na kutafuta zilizopotea ni ileile? Beyond the Rocks ya 1922, waliyoigiza Gloria Swanson na Rudolph Valentino, ilionekana imepotea mpaka ikakutwa Uholanzi ndani ya makopo ya mkusanyaji mmoja aliyekwisha kufariki, na ilikutwa kwa sababu kuna wafanyakazi wa makumbusho walikaa wakafungua makopo moja moja wakaangalia kuna nini ndani. Hao ndo wa kuajiriwa wengi zaidi.