Kabla ya Mguu, Joto

Mtoto wa kwanza wa paka niliyejaribu kumwokoa alinifia mikononi alfajiri, na kwa muda mrefu niliamini kwamba aliuawa na mguu wake. Nilimkuta peke yake, mama hayupo, mguu wa mbele umevunjika na ngozi imechanika hadi mfupa unaonekana. Macho yalikuwa bado yamefumba na kipande cha kitovu kilikuwa kinaning'inia tumboni, kwa hiyo alikuwa na siku chache tu tangu azaliwe. Nikampeleka moja kwa moja kwenye bomba la maji, nikaosha kidonda, nikahangaika nusu saa nzima kukifunga, kisha nikamlaza chali kama mtoto mchanga wa binadamu na kumdondoshea maziwa mdomoni. Alimeza kidogo. Kulipokucha maziwa yalikuwa yanamtoka puani.

Daktari wa mifugo niliyemsimulia baadaye hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu: "Ulipomshika, tumbo lake lilikuwa la baridi?" Lilikuwa la baridi. Ubaridi ule niliusikia kiganjani na sikuutilia maanani, kwa sababu macho yangu yote yalikuwa kwenye damu.

Ndiyo maana leo, mtu akinionyesha paka mchanga mwenye mguu uliosagika na kuniuliza ampake dawa gani, jibu langu humuudhi: uache mguu kwanza, mtie mkononi, usikie joto lake. Naonekana sina huruma. Lakini kidonda kilichofunikwa vizuri kinaweza kungoja saa mbili, na paka aliyepoa hawezi.

Paka aliyezaliwa jana ana uzito wa gramu 100 hivi. Hawezi kutetemeka ili apate joto kama tunavyotetemeka sisi. Karibu joto lake lote analiazima kwa mama na ndugu zake, na hali hiyo huendelea mpaka wiki ya 3 au ya 4. Katika wiki ya kwanza joto la mwili wake huwa nyuzi 35 hadi 37 za Selsiasi, chini kidogo ya paka mkubwa mwenye 38 hadi 39. Likishuka zaidi ya hapo, utumbo unazubaa. Maziwa anayopewa hayasagwi. Yanakaa tumboni, yanarudi juu, yanaingia mapafuni. Paka aliyepoa ukimlisha, hata kwa maziwa mazuri namna gani, unamdhuru. Ni vigumu kulikubali hili, kwani tukiona kiumbe dhaifu jambo la kwanza linalotujia ni kukilisha.

Kumpasha joto ni kazi ya polepole, saa moja au zaidi. Mimi humweka kwanza kifuani, ndani ya nguo, ngozi kwa ngozi. Baadaye ndipo anapohamia kwenye boksi lenye taulo, na chupa ya maji ya moto iliyovingirishwa kitambaa ikiwa upande mmoja tu, ili akizidiwa ajivute pembeni. Na hapa paka mwenye mguu mbovu anatofautiana na wenzake: mara nyingi hawezi kujivuta. Atabaki palepale anaungua, na ngozi yake ni nyembamba kama utando wa ndani ya ganda la yai. Basi chupa isimguse kabisa, na mkono wako upite pale kila baada ya dakika chache. Kumtumbukiza kwenye beseni la maji ya moto sikubaliani nako hata kidogo.

Wakati huohuo, kidonda kifunikwe tu. Maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu lita, kitambaa safi kilicholowekwa humo na kukamuliwa: inatosha kwa kuanzia. Kama damu inatoka, bonyeza kwa kidole bila kuachia. Damu yote ya kiumbe huyu haijazi vijiko viwili vya chai, kwa hiyo hata tone lile unaloliona dogo kwake ni kubwa.

Halafu kabati la dawa la nyumbani lifungwe. Nasema hivi nikijua kabisa anayelifungua ni mtu anayeteseka kwa kusikia kilio kile chembamba. Parasetamo ni sumu kwa paka. Mwili wake hauna namna ya kuivunjavunja kama wetu, na damu inashindwa kubeba oksijeni hadi fizi zinageuka rangi ya kahawia. Kidonge kimoja kinaweza kumwua hata paka mkubwa. Ibuprofeni na aspirini ziwekwe kundi hilohilo. Vivyo hivyo zile dawa za kusafishia sakafu zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini: usimpake, maana yeye au mama yake ataziramba. Dawa ya maumivu anayoweza kupewa ipo, lakini hupimwa na daktari kwa uzito wake, na ni haki yake kuipata. Sikubaliani na wanaodai kwamba aliyezaliwa juzi hasikii uchungu. Mguse mguu ule uone anavyokunja uso.

Wa pili alizaliwa nyumbani kwangu. Paka wangu alijifungua watoto wanne usiku, na asubuhi nikaona mmoja, jike, anaburuta kitu. Kitovu chake kilikuwa kimejizungusha mara mbili kwenye mguu wa nyuma, juu kidogo ya kifundo, na bado kilikuwa kimeungana na zalio lililokwisha kukauka. Hutokea, hasa watoto wakizaliwa kwa kufuatana haraka na mama asiwahi kukata na kusafisha. Sehemu ya mguu iliyo chini ya kile kifungo ilikuwa imevimba kama zabibu, ya zambarau, na ya baridi. Lakini tumbo lilikuwa la moto. Alikuwa amelala katikati ya ndugu zake. Nikashusha pumzi.

Nililowesha kile kitovu kwa maji ya chumvi ya vuguvugu mpaka kikalainika, nikapitisha mkasi wenye ncha butu, nikakata kikunjo kimoja, nikasubiri, nikakata cha pili. Sikuvuta. Ukivuta upande wa tumbo unaweza kumletea henia. Kisha nikamrudisha kwa mama yake na kumpigia simu daktari.

Kidole kwa kidole, mguu ule ulikufa. Baada ya siku nne ulikuwa mweusi na mkavu kama karafuu, na mpaka kati ya kilicho hai na kilichokufa ulionekana wazi kama umechorwa kwa kalamu. Daktari alisema ukavu huo una nafuu: tungoje, apate uzito kwanza. Aliniagiza niunuse kila asubuhi. Ukinyevuka, ukianza kutoa harufu, au wekundu ukipanda kuelekea pajani, nisingoje hata jioni. Na nzi wasiusogelee, kwa sababu funza huingia kwenye kidonda cha namna hiyo kwa siku moja tu.

Nikaunusa. Lakini kilichonipa habari zaidi kuliko pua ni mizani ya jikoni. Nilimweka kwenye bakuli dogo saa ileile kila siku nikaandika: 94, 96, 103, 114. Paka mchanga mwenye afya huongezeka gramu 10 hadi 15 kwa siku. Siku ya 6 hakuongezeka hata gramu moja, nikakaa kando ya boksi nimtazame. Nikaelewa. Mtoto wa paka husukuma kwa miguu ya nyuma ili abaki kwenye titi, naye alikuwa na mguu mmoja tu wa kusukumia. Ndugu zake walikuwa wanamng'oa kama jani. Tangu hapo, kila baada ya saa tatu niliwatoa wale wakubwa wawili kwa dakika kumi, anyonye bila kugombana na mtu. Kesho yake akaongezeka gramu 16.

Kwa sababu hiyo siungi mkono haraka ya kumtenga aliyeumia na mama yake. Kama mama anamkubali na hatafuni kidonda, hakuna mlezi anayemfikia. Maziwa ya saa zile za mwanzo yana kinga ambayo utumbo wa mtoto huipokea kwa chini ya siku moja tu, halafu mlango unajifunga. Kama mama hayupo kabisa, hapo huna budi: maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa paka, si ya ng'ombe, bomba la sindano lisilo na sindano, au chuchu ndogo, mtoto akiwa kifudifudi ili asipaliwe. Tumbo la mwenye gramu 100 hubeba mililita 4 hivi kwa mara moja, kwa hiyo ni kidogo kidogo, kila saa mbili au tatu, usiku na mchana. Kila mlo umfute sehemu za haja kwa pamba yenye maji ya vuguvugu, maana kwa wiki kama tatu za mwanzo hawezi kujisaidia mwenyewe.

Kuhusu magango ya kujitengenezea kwa vijiti, nitakuwa mkali. Mifupa ya paka mchanga huunga upesi sana, na hilo huwapa watu moyo wa kujaribu. Lakini yeye huongezeka uzito maradufu ndani ya wiki mbili hivi. Bendeji iliyomkaa vizuri Jumatatu, Alhamisi inamnyonga mguu, nawe unamfanyia kwa mikono yako kile ambacho kitovu kilimfanyia wangu. Mwenye gango awe mikononi mwa daktari atakayelifungua na kulifunga upya mara kwa mara. Kama huna njia ya kumfikia, boksi dogo lenye kitambaa laini na kutoshikwashikwa kutamfaa kuliko fundo lako.

Wengi waliniambia nimwombe daktari amuue tu kwa sindano asiteseke. Simchukulii kuwa katili anayesema hivyo, na zipo hali ambazo ningekubali: uozo umeshaingia kiunoni, miguu miwili imekufa, uti wa mgongo umevunjika. Ninachokataa ni kutoa hukumu kabla ya joto. Paka mchanga aliyepoa halii, hajongei, anapumua kwa mbali sana hata ukadhani amekwisha. Nimeona mmoja wa namna hiyo, aliyekwisha kufungiwa kwenye gazeti, akianza kutafuta titi baada ya saa mbili kifuani mwa mtu. Mpashe kwanza, halafu mtazame upya, halafu ndipo muulize daktari kama kuna sababu ya kuendelea.

Wangu alikatwa kile kipande kilichokufa akiwa na wiki tatu. Alipofikisha miezi minne, akapewa dawa ya usingizi na mguu wote ukaondolewa juu karibu na nyonga. Hapo tena nikasemwa: kwa nini usimwachie hata hicho kigutu? Kwa sababu alikuwa anakiegemea, kinachubuka, kinatoa damu, kinapona, kinachubuka. Baada ya mshono kupona alipanda dirishani siku ileile nilipomwondolea kola ya shingoni iliyomzuia asirambe mshono.

Kitu kimoja tu hajakiweza mpaka leo. Sikio la upande ule likimwasha, anainamisha kichwa, na pale nyonga ilipo misuli inacheza chini ya manyoya, upesi upesi, mguu usiokuwepo unakuna hewa. Anasimama, anangoja kidogo, kisha ananitazama. Namkuna mimi.