Paipu si spana

Bolti ikikataa kufunguka, kila anayepita ana ushauri uleule: tafuta paipu, uivalishe mpini wa spana, kisha uning'inie. Mimi nakaa Likoni, Mombasa, na naamini paipu hiyo imevunja bolti nyingi kuliko ilizofungua. Majuzi nimeongeza yangu. Bolti ya bomba la moshi ilikatika, kichwa kikabaki ndani ya soketi, kiwiliwili kikabaki ndani ya chuma, nami nikabaki chali chini ya gari na vumbi la kutu machoni.

Magari ya huku hayafanani na ya bara. Gari linalovuka feri asubuhi na jioni hukanyaga maji ya bahari pale mteremkoni, na kusi ikianza kuvuma hata lililolala uani hupata chumvi yake. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo nati huzidi kubanwa kadiri inavyooza. Huku bolti yenyewe inakonda. Ukirefusha mpini mara mbili, umeizidishia nguvu mara mbili bolti iliyokwisha kukonda, na mkono wako uko mbali mno kuhisi inapoanza kujinyonga.

Kwa maoni yangu kazi ya bolti huanza jana yake. Jioni, piga brashi ya waya hadi nyuzi za bolti zionekane, nyunyiza mafuta ya kulegezea kutu, ukalale. Asubuhi nyunyiza tena. Watu hubishana kopo la kampuni gani ni bora; mimi naona usiku mmoja unashinda makopo yote. Dizeli nayo husaidia, ila polepole. (Jirani alinipa mafuta ya nazi. Kitu kinachoganda chupani Julai hakiendi kupenya kwenye uzi wa bolti. Nilimshukuru nikayapeleka jikoni.)

Kisha nyundo, lakini ya kugonga, si ya hasira: kichwani, mara kadhaa, ile kutu ipate ufa. Soketi iwe ya pembe sita. Ya pembe kumi na mbili hukamata ncha tu, na bolti iliyolika itageuka duara mbele yako. Na kabla ya kufungua, jaribu kukaza kidogo. Nilipoambiwa hivi na fundi mmoja mzee niliona ananichezea. "Mwanangu, itikise kwanza," alisema, naye alikuwa na haki: ikisogea unywele mmoja upande wowote, kutu imeachia. Baada ya hapo ni robo mzunguko mbele, rudi nyuma, mafuta, robo tena.

Moto nauheshimu. Nati ikipashwa hutanuka, na ukiigusisha mshumaa ingali moto, nta huyeyuka na kufyonzwa ndani. Ila usiwashe tochi ya gesi karibu na tangi, paipu za mafuta au mpira wa breki, wala mahali ulipotoka kunyunyiza. Dawa nyingine za kusafishia breki zina klorini. Zikipata moto hutoa gesi ya sumu.

Mahali pamoja tu nasamehe paipu, nati za magurudumu. Vijana wa pancha huzikaza kwa mashine ya upepo kana kwamba gari halitafunguliwa tena, na spana fupi ya kwenye buti haifui dafu. Lakini zilegeze gurudumu likiwa bado limekanyaga chini. Ukizing'ang'ania gari likiwa juu ya jeki, unalitikisa gari zima, na jeki haina huruma.

Ile iliyokatika nimempelekea fundi wa kuchomelea. Ya pili ilifunguka Jumapili alfajiri, kwa spana fupi, bila kelele. Ya tatu nimeinyunyiza tena jana usiku.