Vijiti vimejaa, nafasi hakuna

Kuna mwandishi anasema siku ya Simba na Yanga intaneti inakata kwa Mkapa kwa sababu minara ni michache. Hiyo ni nusu ya habari. Vile vijiti juu ya simu vinapima nguvu ya mawimbi, havisemi mko wangapi. Kwenye 4G mnara hugawa nafasi upya kila milisekunde 1, na kwenye masafa yenye upana wa megahezi 20 una mafungu 100 tu ya kugawa. Tena kabla ya kukupa fungu lako lazima ukutangazie kwanza, na matangazo hayo nayo yanakula nafasi ileile.

Sasa goli limeingia, maelfu wanatuma meseji ya WhatsApp kwa mpigo! Data yenyewe kiduchu, lakini kila simu inaomba ruhusa yake. Iliyokuwa imelala inaanza kwa kuupigia mnara hodi, na seli moja (eneo linalohudumiwa na antena moja) ina namna 64 tu za hodi. Wawili wakichagua hodi ileile kwa wakati mmoja wanagongana, angalau mmoja anaanza upya. Seli ndogondogo jukwaani, kila moja na mafungu na hodi zake, zingesaidia kuliko mnara mwingine mkubwa. Na nyie mnaorusha mechi laivu mkiwa uwanjani, jamani, mnamrushia nani wakati Azam wanaonyesha?