Mtoto Wetu Hakufukuzwa Jeshi

Jumamosi iliyopita tulikuwa kwenye kikao cha sendofu ya binti wa rafiki yetu, hapahapa Maryland. Pilau linagawiwa, watu wanacheka. Baba mmoja mtu mzima, ninayemheshimu sana, akamgeukia mume wangu na kuuliza kwa sauti ya ukumbi mzima: "Yule kijana wenu, yule aliyefukuzwa jeshi, siku hizi yuko wapi?"

Kijana mwenyewe alikuwa hatua mbili nyuma yake, amebeba kreti ya soda. Aliiweka chini taratibu, akahakikisha hakuna chupa iliyoanguka, akatoka nje. Tulimkuta saa mbili baadaye amekaa kwenye gari, taa zimezimwa.

Sikusema kitu pale, kwa adabu ya ukumbi na ya mwenye shughuli. Nimelala na hilo neno siku nne. Leo nasema.

Hakufukuzwa. Najua sisi tunavyolisikia neno hilo. Nyumbani, ukisikia fulani kafukuzwa jeshi, unaanza kujiuliza ameiba bunduki au amempiga mkubwa wake. Huku kuna madaraja matano ya kuachishwa jeshi, na la kijana wangu ni la pili kutoka juu. Nitaeleza ilivyokuwa, naye amenipa ruhusa.

Ni mtoto wa dada yangu. Alikuja kwa bahati nasibu ya grinikadi, akaingia jeshini kabla hajamaliza mwaka mmoja Marekani, akatumikia miaka mitatu na miezi miwili. Mwaka wa tatu dada yangu akafariki, Moshi. Ujumbe wa Msalaba Mwekundu ulifika kambini, akapewa likizo ya dharura ya siku kumi. Anayeijua safari ya kutoka kambi ya huko Kusini mwa Marekani hadi Uru, kwetu Moshi, anajua kwamba siku mbili zinaliwa kwenda na mbili kurudi, kama ndege zote zimekubali. Mazishi yalimsubiri. Baba yake alishatangulia. Yeye ndiye kifungua mimba, wadogo zake wawili wako sekondari, na wazee wa ukoo wamekaa kumaliza matanga na kupanga watoto watakaa kwa nani. Aondokeje? Alichelewa siku nne. Alimpigia sajini wake simu, sajini akajibu sawa. Sawa ya kwenye simu haina karatasi.

Aliyerudi kambini hakuwa yuleyule. Usiku halali, asubuhi haamki. Akachelewa paredi mara tatu, mara nne. Akaanza pombe, mtoto ambaye hata mbege ya sherehe alikuwa akiionja tu kwa heshima ya mwenye kata. Hakuna aliyemwuliza una nini. Kila kosa likaandikiwa karatasi yake, karatasi zikawa faili, faili likapewa jina la mwenendo wa utovu wa nidhamu, akaachishwa.

Kisanduku namba 24 kwenye DD-214 yake, yaani hati ya kuachishwa jeshi, hakisemi Honorable, daraja la juu kabisa, kinasema General, lile la pili. Kwa karatasi hiyo hospitali ya maveterani inampokea, na mkopo wa nyumba wa maveterani anaweza kuuomba. Kikubwa anachokosa ni shule. GI Bill, sheria ya kuwasomesha maveterani, ya baada ya Septemba 11, ile iliyoanza kutumika Agosti 2009, humpa aliyetumikia miezi 36 au zaidi miezi 36 ya masomo: ada yote ya chuo cha umma kwa mkazi wa jimbo, pesa ya kupangia nyumba, na hadi dola 1,000 za vitabu kwa mwaka. Yeye ana miezi 38. Lakini inataka Honorable, na General haitoshi hata kama ndani yake imeandikwa neno heshima. Barua ya kukataliwa ilifika mwezi wa tatu. Anasomea uuguzi nusunusu, somo moja muhula huu, mawili muhula ujao, na usiku anabeba maboksi. Maboksi ya kweli, kwenye ghala.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Sheria ya kwanza ya GI Bill, aliyoitia sahihi Rais Roosevelt tarehe 22 Juni 1944, ilimfungulia shule kila aliyeachishwa, isipokuwa aliyetoka kwa hali ya fedheha. Ya wakati wa Vietnam nayo ilikuwa hivyo. Sharti la Honorable kwa ajili ya shule lilikuja na sheria ya miaka ya 1980, ile yenye jina la Montgomery, na likarithiwa. Na hata ile ya 1944, iliyokuwa pana kwenye maandishi, ilibanwa mikononi mwa watu. Kulikuwa na karatasi za bluu, za kuachishwa bila mahakama yoyote. Kati ya Desemba 1941 na Juni 1945 jeshi la nchi kavu lilitoa 48,603, na 10,806 zilikwenda kwa askari Weusi. Walikuwa chini ya asilimia 7 ya jeshi hilo, wakabeba zaidi ya asilimia 22 ya karatasi. Wenye karatasi za bluu walifika kuomba shule wakaambiwa hapana. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba kisanduku kwenye karatasi kinapima utu wa mtu. Kinapima pia nani alikuwa na kalamu siku hiyo.

Na hapa ndipo penye moto wangu.

Askari anayekaribia kuachishwa kwa General, kama hajafikisha miaka sita ya utumishi, hana haki ya kusikilizwa na bodi. Hakai mbele ya watu watatu akasema, mama yangu amekufa, nimechanganyikiwa. Kamanda anaandika, wa juu yake anakubali, basi. Haki aliyo nayo ni kumwona wakili wa jeshi na kuandika maelezo yake kabla ya kutia sahihi. Kijana wangu aliwekewa karatasi mezani pamoja na fomu inayouliza: unataka kumwona wakili, au unaiacha haki hiyo? Akaweka tiki kwenye kuiacha. Nilimwuliza kwa nini. Akaniambia, "Mama mdogo, afande alisema nikitia sahihi mambo yataisha haraka. Na kwamba baada ya miezi sita inajibadilisha yenyewe kuwa Honorable."

Haijibadilishi. Si kwa miezi sita, si kwa miaka sita. Uongo huu umezunguka kambi za Marekani kwa miongo mingi na bado unawapata watoto.

Lakini simlaumu sajini peke yake. Nimejiuliza ni nani aliyemfundisha mtoto huyu kutia sahihi bila kuuliza, na jibu ni sisi. Ni mimi. Ni dada yangu, Mungu amrehemu. Tulimlea asijibizane na mkubwa, asimwangalie mwalimu machoni, akiitwa aseme "naam" na akiambiwa afanye. Malezi hayo yalimfanya askari mzuri kwa miaka miwili na nusu. Siku ile mezani yakamnyang'anya shule. Mtoto aliyekulia kwenye mabishano ya mezani na baba yake angesema subiri kwanza, nimpigie mwanasheria. Wetu alisema ndiyo afande, akauliza atie sahihi wapi.

Na malezi yaleyale ndiyo yanayowazuia vijana wetu kuomba hati ipandishwe daraja. Kuna bodi za kupitia hati za kuachishwa, zipo kwa kazi hiyo, na fomu ni DD-293. Mtu ana miaka kumi na mitano tangu kuachishwa kuipeleka. Ikipita, iko bodi nyingine ya kurekebisha kumbukumbu za jeshi, fomu DD-149. Sio hisani ya mtu, ni njia iliyowekwa na sheria. Ila vijana wetu wanaona kuomba ni kujidhalilisha mara ya pili, na maneno kama yale ya ukumbini ndiyo yanayowafungia mlango. Mzee wangu, ukisema "aliyefukuzwa" mbele ya watu hamsini, umemwambia kila kijana mwenye General humo ndani aifiche karatasi yake chini ya godoro. Babu yetu alikuwa KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, alifika Burma, na karatasi yake ya jeshi ilikaa kwenye bati la biskuti hadi anakufa. Tuliruhusiwa kuitazama, si kuishika. Natamani huyu naye awe na karatasi ya kuonyesha wajukuu.

Nakubali, jeshi ni jeshi. Anayechelewa paredi anachelewesha wenzake, na wapo walioachishwa kwa makosa mazito ambao siwezi kuwatetea. Lakini hata Pentagon yenyewe haisemi mtu lazima awe malaika. Mwaka 2014 Chuck Hagel, waziri wa ulinzi aliyekuwa amepigana Vietnam, aliagiza bodi ziwaangalie kwa jicho la huruma wenye majeraha ya akili ya vita. Mwongozo wa Agosti 2017 ukapanua: maradhi ya akili kwa jumla, sonona ikiwemo, majeraha ya ubongo, na waliodhalilishwa kingono. Maswali ni manne. Je, kulikuwa na hali au tukio linaloweza kupunguza uzito wa kosa? Lilikuwepo akiwa jeshini? Linapunguza kweli? Na je, lina uzito kuliko sababu za kuachishwa? Mwongozo wa 2018 ukaongeza kuwa adhabu iwe ya kiasi kinachohitajika tu, na nafasi ya pili ipendelewe.

Yasomeni tena maswali hayo manne, kwa sababu maombi yetu mengi hayajibu hata moja. Ombi la kwanza la kijana wangu lilikuwa na sentensi mbili. Nililisoma jikoni, maji ya ugali yanachemka: samahani kwa makosa yangu, naomba mnisamehe ili nisome. Ni hayo tu. Nikamwambia, mwanangu, mama yako yuko wapi humu? Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Siwezi kumtumia Mama kama kisingizio."

Nilizima jiko nikakaa. Nikamwambia kusema ukweli si kumtumia mtu. Bodi haisomi mawazo, wala haijui Uru iko wapi. Haijui kwamba kwetu kifungua mimba haondoki matanga hayajakwisha. Faili wanalolifungua lina siku nne za kutoroka na tarehe za paredi, kifo hakimo. Na kwa kawaida wanaanza kwa kuamini kwamba jeshi lilifuata utaratibu, mwombaji ndiye wa kuleta ushahidi.

Tukaanza kukusanya. Cheti cha kifo. Kijitabu cha ratiba ya mazishi chenye picha ya dada yangu amevaa kitenge cha kijani, tukakitafsiri na kukigonga muhuri. Tiketi za ndege. Ujumbe wa WhatsApp aliomwandikia sajini usiku wa manane saa za Moshi. Barua ya kasisi wa jeshi aliyewahi kumwendea mara mbili, na aliyekubali kuandika bila kusita. Barua ya daktari anayemtibu sonona sasa, inayosema dalili zilianza lini. Barua ya mwalimu wa uuguzi. Na DD-214 yenyewe iliyo kamili, kwa sababu nakala aliyokuwa nayo ilikuwa ile fupi isiyoonyesha sababu ya kuachishwa. Ulizeni nakala iitwayo Member-4.

Mengine kwa haraka. Kliniki za sheria za vyuo na vyama vya maveterani husaidia bure, usimlipe mtu anayekuahidi matokeo. Ukiwa na kipindi cha awali ulichokimaliza kwa Honorable kabla ya kutia sahihi upya, peleka hicho, kinaweza kukupa shule bila kupandisha chochote. Mlioandikishwa jeshi mkiwa Texas, isomeni sheria ya Hazlewood, kwa sababu jimbo hilo linakubali General kwa ajili ya ada. Na waliopata uraia kupitia jeshi wajue kwamba kuachishwa kwa daraja la chini ya General kabla ya kutimiza miaka mitano ya utumishi mwema kunaweza kuufanya uraia wenyewe unyang'anywe. Nchi hii, kuanzia 2009 hadi programu iliposimamishwa 2016, iliweka Kiswahili kwenye orodha ya lugha zilizowafungulia watu mlango wa jeshi hata bila grinikadi. Wapo wetu walioingia kwa mlango huo. Kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote ya kutoka, mwoneni wakili. Mkiambiwa mnachelewesha mambo, yachelewesheni.

Jana alirudi kutoka ghalani saa saba usiku, akanikuta macho. Akaweka mezani kurasa tatu za Kiingereza, zinaanza na tarehe aliyofariki mama yake. Tukazisoma pamoja, yeye bado amevaa fulana ya kazi yenye mistari ya kung'aa. Ukurasa wa pili akasimama. "Mama mdogo, matanga kwa Kiingereza wanaitaje?"

Tulijaribu manne, matano. Mazishi sio. Maombolezo sio. Hakuna lililobeba wazee waliokaa, watoto wanaogawiwa nyumba za kulelewa, na kijana wa miaka ishirini na mbili anayetazamwa na watu wote aseme neno. Mwishowe ameliacha hivyohivyo, matanga, akaandika mistari miwili ya kulieleza. Bahasha inatoka Jumatatu.