Siku 15 za Nani Hizo?

Jamani, aliyesambaza habari ya "siku 15" maofisini ajitokeze. Kampuni ikisema tu inamhamishia mtu tawi la Marekani kwa viza ya L-1, kufika mchana ofisi nzima inajua: wiki mbili na jamaa hayupo. Shemeji kashaagiza simu. Mwenye nyumba kashaleta mpangaji mwingine aangalie chumba. Mwezi unakatika, jamaa bado yuko kwenye foleni ya chipsi mayai, na kila anayepita: "Kumbe upo?"

Yupo, na ataendelea kuwepo!

Kwanza, hizo siku 15 zinanunuliwa. Mwajiri ndiye anayepeleka fomu I-129, ombi la kumhamisha mtu wake, kwa uhamiaji wa Marekani, USCIS. Akitaka ijibiwe ndani ya hizo siku 15 analipia huduma ya haraka, ambayo Februari 2024 ilipanda ikafika dola 2,805, mbali na ada zenyewe za ombi. Asipolipia, subirini kwa miezi. Pili, tangu tarehe 1 Aprili 2024 zinahesabiwa siku za kazi tu. Jumamosi haimo, Jumapili haimo, sikukuu za serikali yao hazimo. Hapo ushafika wiki tatu, na ombi likiingia karibu na Krismasi, ongeza mwenyewe.

Tatu, na hapa ndipo vituko vinapoanzia: wameahidi kujibu, hawajaahidi kukubali. Siku ya 14 inatoka barua ya kudai ushahidi zaidi, na wao wanahesabu wameshajibu. Saa inasimama. Mwajiri anaweza kupewa hadi siku 84 za kukusanya makaratasi. Yakifika, 15 zinaanza upya kutoka moja.

Na barua hiyo mara nyingi tunaiita wenyewe kwa vyeo vyetu. Mjini hapa nani si meneja? Kuna meneja wa stoo ambaye anaongoza paka. Sasa L-1A, ile L-1 ya mameneja, inataka meneja kwelikweli: anayesimamia wasimamizi wengine au wataalamu, au anayebeba idara muhimu. Wanataka mchoro wa ngazi za uongozi wenye majina, kazi na elimu ya walio chini yake, na muda wake umegawanywa kwa asilimia. Halafu mtu wa HR, kwa mapenzi kabisa, anaandika: "Anafanya shughuli zote za kila siku." Kakumaliza! Wao wanasoma hapo kwamba kazi unaifanya wewe, huisimamii.

Ukienda kwa L-1B, ya wenye ujuzi maalumu, "ana uzoefu mkubwa wa kompyuta" ni maneno ya kuombea kazi, hayafui dafu. Waambie ni mfumo gani wa kampuni, ulichukua muda gani kuujua, wangapi wengine wanaujua, na kwa nini Mmarekani hawezi kufundishwa haraka akaumudu. Na kwa zote mbili, uwe umeitumikia kampuni nje ya Marekani mwaka 1 mfululizo ndani ya miaka 3 iliyopita. Zile wiki za semina kulekule Marekani hazihesabiwi, zifidie.

(Makampuni makubwa yenye kibali cha jumla yanamtuma mtu moja kwa moja ubalozini na fomu I-129S. Hao tuwaache na raha zao.)

Siku HR anapiga kelele "imetoka!", kilichotoka ni I-797, idhini ya ombi. Viza bado kabisa. Kuna DS-160, fomu ya mtandaoni ya kuombea viza, ambayo ukiiacha dakika 20 bila kuigusa inakutoa nje, kwa hiyo nakili namba ya ombi mapema, umeme hauna adabu. Picha ni inchi 2 kwa 2, nyuma kweupe, miwani vua. Ukilazimika kujaza fomu upya, namba mpya iingize kwenye miadi, la sivyo unafika dirishani na namba isiyolingana. Ada dola 205. Tarehe ya miadi inategemea nafasi za ubalozi, na zile dola za huduma ya haraka huko hazisogezi hata saa moja. Ukihojiwa vizuri bado unaweza kukabidhiwa karatasi ya 221(g): uhakiki wa ziada, hauna tarehe ya mwisho. Friji usiuze.

Halafu tazama pasi yako inaisha lini. Idhini inaweza kusema miaka 3, lakini pasi ikibakiza mwaka mmoja, ofisa wa uwanja wa ndege kule ana kawaida ya kukuandikia tarehe ya pasi kwenye I-94, rekodi yako ya kuingia Marekani, na hiyo ndiyo inayokuhesabia ukaaji. Kwa hiyo ibadilishe kabla hujasafiri. Nenda Uhamiaji, na usiende mikono mitupu, maana watakuuliza namba ya NIDA.