Anayemwogesha mzee wako ana mkataba gani?

Hapa Lubumbashi, muulize mtu nani anashinda na mama yake mgonjwa, atakujibu: "Kuna binti pale nyumbani." Binti mwenyewe ni mtoto wa shangazi wa mbali, au jirani wa jirani kutoka mtaa wa Katuba. Ukiuliza analipwa ngapi, unaambiwa: "Huyo ni wa kwetu, hatuhesabiani." Undugu huo wa kuazima unawaumiza wote wawili, anayetunzwa na anayetunza.

Wazee wengi wa mji huu ni watu wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Kampuni iliwapa nyumba, hospitali, hata unga. Kisha kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari, Benki ya Dunia ikiugharamia. Hiari hiyo tuiache. Aliyekuwa na miaka 50 wakati ule sasa amepita 70, watoto wako Kolwezi, Kinshasa au Ulaya, na kumpeleka mzazi kwenye nyumba ya wazee bado ni aibu ya ukoo mzima. Ndipo anapotafutwa binti.

Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 40, inasema watoto wana wajibu wa kuwasaidia wazazi wao. Cha 49 kinawapa wazee haki ya kulindwa kwa hatua maalumu. Sijaona palipoandikwa kwamba wajibu huo unatumwa kwa simu pamoja na dola 50. Kuajiri si kosa, ila anayeajiri anabaki mtoto, na juu yake anakuwa bosi. Sheria ya Kazi ya 2002 inaweka saa 45 kwa wiki na siku ya kupumzika. Na wale wanaokwepa karatasi wajue: mkataba usioandikwa unahesabiwa kuwa hauna mwisho, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Binti anayelala chini, kando ya kitanda cha mzee, anaamka mara nne usiku kumgeuza, halafu asubuhi anasonga bukari, yaani ugali, ya nyumba nzima, hizo saa 45 anazimaliza kabla ya Alhamisi.

Halafu kuna mwili. Mke wa mtoto hawezi kumwogesha baba mkwe wake, heshima inakataza. Kwa hiyo anaitwa msichana wa miaka 20, na hakuna aliyemuuliza mzee kama anakubali kuvuliwa nguo na mtoto wa watu. Pengine angependa kijana wa kiume. Pengine angependa tu mlango ufungwe na aachiwe kitambaa ajifute mwenyewe pale anapofikia. Kuuliza ni bure. Halafu kuna hili la kumfungia mzee ndani kwa kufuli ili binti aende sokoni: moto ukiwaka, nani atafungua? Na mzee anayetembea usiku akiongea peke yake anahitaji daktari. Kwetu mara nyingi anapata jina la mchawi kwanza.

Linaloniudhi zaidi ni kidole gumba. Watoto wawili wanakuja Jumapili na karatasi za kuuza parseli, yaani kiwanja na nyumba yake. Mzee jana alimwita mwanawe kwa jina la kaka yake aliyekwisha kufa. Binti anaambiwa, "Mshikie mkono, atie kidole hapa." Akikataa, kesho hana kazi. Akikubali, siku ndugu wengine watakapofika mahakamani, yeye ndiye atakayekuwa shahidi, au mbaya zaidi. Kwangu jibu liko wazi: akatae, na amwambie mkubwa mwingine wa ukoo. Watu watasema amefichua siri za nyumba. Sheria ya jinai, kifungu cha 73, inawaadhibu wanaotoa siri walizokabidhiwa kwa kazi yao; muuguzi anaijua vizuri. Lakini siri inayolindwa hapo ni ya mzee: ugonjwa wake, mkojo wake, machozi yake. Njama ya wanawe kumnyang'anya nyumba haimo. Tena sheria hiyohiyo inamwadhibu anayemwacha makusudi mtu aliye hatarini wakati angeweza kumsaidia bila yeye mwenyewe kujiweka hatarini.

Ajabu ni kwamba siri za kweli ndizo tunazozimwaga. Picha ya mama akiwa na mpira wa mkojo inawekwa kwenye status ya WhatsApp, "mtuombee". Hapo binti hana kosa. Aliyeiweka ni mtoto wa kuzaliwa.

Mkataba ninaoutaka ni ukurasa mmoja. Mshahara kwa mwezi na siku ya kulipwa. Siku ya kupumzika na nani atakaa na mzee siku hiyo. Nani anashika dawa za presha na nani anapigiwa simu saa nane za usiku. Ruhusa ya binti kukataa kumshikia mzee kidole kwenye karatasi yoyote, bila kufukuzwa. Uandikwe kwa Kiswahili, Kifaransa baadaye kama ofisi ya komini, serikali ya mtaa, itakitaka, na usomwe kwa sauti mzee akiwa amekaa hapo hapo, hata siku ambayo mnadhani hasikii.